Nimetimiza 30, bima imepanda, na fizikia bado haijaisha

Jana nimefungua boksi la barua nikakuta bahasha ya bima ya afya. Huku Ujerumani bahasha ikiwa na kidirisha jua kuna hela inatakiwa. Wananiambia kwa ustaarabu kabisa kwamba nimetimiza miaka 30, kwa hiyo bei ya mwanafunzi ndo basi tena, nilikuwa nakatwa euro 140 na kitu sasa inakuwa 250 na kitu, kila mwezi. Hiyo tofauti peke yake kwetu Dodoma, mtaa wa Nkuhungu, unapanga chumba na sebule, choo ndani, na hela ya luku inabaki. Watu wanasema chuo Ujerumani bure, ni kweli ada mimi sijawahi kulipa, ila mbona hakuna aliyeniambia kwamba hiyo bure ina umri.

Maana mimi ni mhasibu jamani, fizikia ndo nimekuja kuianza huku ukubwani. Nyumbani Kizota mpaka leo naitwa mhasibu. O-level nimesoma shule ya kata, mwalimu wa fizikia kaja tukiwa tunakaribia kumaliza Form Three, maabara ilikuwa stoo ya madawati mabovu, prakitiko tukafanya ile ya kwenye karatasi, unachorewa stopwochi unaulizwa inasoma ngapi na wewe stopwochi hujawahi kuishika. Nikapata D, nikapangiwa EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, nikasoma biashara chuo, nikapata kazi ofisi moja hapo mjini Dodoma, CPA, ile mitihani ya uhasibu ya kitaaluma, nikabakiza masomo mawili. Hayo masomo mawili mjomba huwa anayataja kwenye kila msiba, utadhani ndo yaliyomuua marehemu.

Kilichoniharibu ni mwaka 2017. Shangazi yangu wa Bahi alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani, kupigwa mionzi na mimi ndo nilikuwa sina kazi bado, nikashuka naye Dar tukakaa wiki kadhaa. Siku moja nipo kwenye benchi, kuna dada anapita na makaratasi yake, nikamuuliza mbona mgonjwa mwingine anakaa dakika nyingi kuliko mwingine. Hakuharakisha. Akaniambia dozi za wagonjwa hazifanani, halafu hata mashine yenyewe ina kobalti ndani, ndo inayotoa mionzi, na kobalti inachoka, kila miaka 5 na miezi kama 3 nguvu inabaki nusu, kwa hiyo dakika lazima zipigiwe hesabu upya kadiri inavyochoka. Nikamwambia dada hiyo si ni uchakavu tu, ile tunayokata kwa salio linalopungua, kila mwaka asilimia ileile ya kilichobaki? Akacheka, akasema sijui mambo ya uhasibu, mimi ni mfizikia. Mimi nilijua mfizikia ni mwalimu wa sekondari basi.

Usiku nikachukua kalkuleta ya simu. Kobalti inapoteza kama asilimia 12.3 kwa mwaka. Waliosoma kodi wanajua, fenicha za ofisi TRA, watu wa kodi, wanaziweka daraja la 3, uchakavu asilimia 12.5 kwa mwaka. Yaani kitu kilichokuwa kinamtibu shangazi kinachakaa karibu sawasawa na meza ya bosi! Sikulala.

Sasa hapa nisimame kidogo kwa mnaonifuata inbox kuuliza na nyie mtakujaje kusoma huku. Digrii ya uhasibu haikupeleki masters ya fizikia, msidanganyane, unaanza mwaka wa kwanza na watoto wa miaka 18. Kijerumani vyuo vingi lazima, na si cha salamu, ni C1, ngazi moja tu chini ya ile ya juu kabisa. Cheti chako cha shule kikionekana hakitoshi unarudishwa kwenye kozi ya maandalizi mwaka mzima. Ukiombea viza ya kusoma watataka kuona hela imefungiwa benki, kwa 2025 ilikuwa euro 11,904 za mwaka mmoja, piga hesabu mwenyewe kwa shilingi halafu unywe maji. Mimi sikuwa nazo, nilikuja 2021 kama au pair, yaani unaishi na familia unawalelea watoto, posho euro 280 kwa mwezi, mhasibu mzima nakunja chupi za watoto wa watu, halafu mwaka mwingine wa kujitolea nyumba ya wazee, ndo chuo 2023. Na kama unakuja, njoo ukiwa na 22, usisubiri barua kama yangu.

Muhula wa kwanza nililia, sifichi. Kila wiki kuna karatasi ya maswali, usipofika nusu ya maksi zote mtihani hukai. Ya kwanza nilipata 3 kwa 20. Hao watoto wanaandika kalkulasi kama wanaandika majina yao, mimi nilikuwa nimeiacha Form Six.

Halafu likaja swali la kobalti. Wenzangu wamejibu kwa mistari miwili. Mimi nikachora jedwali, safu nne kabisa, mwaka, salio la mwanzo, uchakavu, salio la mwisho, na pembeni nikaandika kwa penseli 12.5 halafu nikaikata. Anayesahihisha ni kijana anasoma PhD, nikajua ananichapa sifuri. Kumbe ameipa maksi zote, na darasani akaniita ubaoni akauliza hiyo 12.5 uliyoikata umeitoa wapi. Nikasema sheria ya kodi ya Tanzania. Darasa kimya. Akasema hebu tueleze. Nikaeleza kodi ya Tanzania kwa Kijerumani dakika kumi, mkono unatetemeka na chaki, na tangu siku hiyo kuna watoto wawili wanakuja kukaa na mimi.

Mama bado anauliza nitaajiriwa lini. Shangazi yeye haulizi hivyo, jana hiyohiyo kanitumia voisi: "Mmeshafika kwenye ile mashine?" Nikamwambia bado shangazi, sasa hivi tupo kwenye kwanta, mambo ya vitu vidogo kama atomu. Akasema basi fanyeni haraka, halafu hapohapo akaomba hela ya mbolea ya zabibu, nikamjibu mwezi huu bima imekula.