Twende Kilioni

Mei 2018, wiki chache baada ya Dodoma kutangazwa kuwa jiji, nilikuwa na miezi minne tu kazini katika ofisi moja ya binafsi iliyohamia kutoka Dar es Salaam kuifuata Serikali. Jumatatu moja niliingia ofisini nikiwa nimesukwa twende kilioni, mistari minane iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Shangazi yangu alikuwa amenisuka jana yake barazani kwake Chang'ombe, mimi nimekaa mkekani katikati ya magoti yake, kibakuli cha mafuta ya nazi pembeni.

Mkuu wa idara yetu, mama niliyemheshimu sana kwa uhodari wake wa kazi, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kichwani, kisha akauliza mbele ya wenzangu, "Binti yangu, nani kafa?" Watu wakacheka. Baadaye aliniita pembeni akanieleza kwa upole kwamba Alhamisi tungepokea wageni, kwamba mimi ndiye ningewasomea taarifa ya hesabu, na kwamba nywele za namna ile ni za nyumbani. Upole wake ndio ulionishinda. Angefoka, pengine ningejitetea.

Tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne nilinyolewa, kama ilivyo desturi katika shule nyingi za serikali, kwa hiyo nywele zangu nilianza kuzifahamu nikiwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Nilijifunza polepole kwamba zikilowa hujikunja zikawa fupi, kwamba upepo mkavu wa huku kwetu huzikatakata zisipopakwa mafuta, na kwamba chanuo huanzia nchani, si kwenye shina. Sikuwahi kuzitia dawa.

Jumatano jioni nilikwenda saluni moja ya Majengo. Msusi alinifumua, akachana, akavaa glovu na kunipaka dawa, harufu yake ikipenya hadi machoni. "Ikianza kuchoma useme, dada," aliniambia. Ilipoanza kuchoma nikasema. Akafungua bomba; likakoroma, likatoa hewa, basi. Maji yalikuwa yamekatika, na madumu yote mawili nyuma ya mlango yalikuwa matupu. Akachukua ndoo, akatoka mbio kwenda kuomba maji kwa mama lishe wa jirani, mimi nikabaki nimeshika mikono ya kiti, kichwa kikiwaka. Nilikuja kujua baadaye kwamba dawa nyingi za aina hiyo huwa na kostiki, ileile inayopikiwa sabuni, ambayo hulainisha unywele kwa kuvunja vifungo vinavyoupa mkunjo wake, na haichagui kati ya unywele na ngozi. Alipomaliza kunisuuza, nyuma ya sikio la kushoto palikuwa pamebabuka, kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200.

Alhamisi nilisoma taarifa, kola ya blauzi ikinisugua kidonda kila nilipogeuza shingo. Wageni walipoondoka, mama alinishika bega akasema, "Umeona? Sasa umependeza." Nikajibu, "Asante, mama." Kidonda kilipona kwa wiki tatu, lakini asante ile bado inaniuma.

Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi nikanyoa zote. Hakuna aliyeniuliza neno ofisini. Kichwa changu kilikubalika kikiwa kitupu, kama kilivyokubalika shuleni, na kilikubalika nywele zikiwa zimelazwa kwa kostiki. Zilizokataliwa ni zile zilizoota zenyewe zikasukwa na mkono wa shangazi. Mwaka uliofuata nilisoma kwamba huko Marekani, jimbo la California limetunga sheria inayomzuia mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya nywele zake za asili au mitindo kama ya kusuka. Niliirudia habari hiyo mara mbili, mkono ukiwa kisogoni.

Lakini sikuisubiri California. Desemba ileile ya 2018, nywele zilipofikia kushikika, nilirudi barazani Chang'ombe. Vidole vya shangazi vilifika nyuma ya sikio, mahali ambapo hapaoti kitu tena, vikasimama. Hakuuliza. Akachovya mafuta, akasema, "Nikusuke mtindo gani, mwanangu?" Nikamwambia twende kilioni, mistari minane. Jumatatu asubuhi niliingia ofisini, nikamwamkia mama shikamoo, nikaketi mezani pangu.