Siku moja gereji Unga Limited: taa ya ABS na mzee aliyekuja na sensa mkononi

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yetu iko Unga Limited hapa Arusha. Wengi wakiniona na mashine ya kupimia wanadhani kazi yangu ni kuchomeka waya, kusubiri namba itokee, kisha kudai hela. Ili muone kazi yenyewe, nasimulia siku ya jana, kwa sababu ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine.

Saa 12:30 asubuhi. Daladala kutoka Sakina, chai na chapati kwa mama ntilie, ovaroli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, uwanja wote tope, tukatandika maboksi chini ili tupate pa kulala tukiingia uvunguni mwa magari.

Saa 1:30. Noah haiwaki. Altaneta inachaji vizuri, betri ndiyo imekufa. Ikabadilishwa, ikaondoka. Baada yake honi, taa za nyuma, fyuzi.

Saa 3. Akaingia mzee mmoja na IST nyeusi, kaboksi kadogo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, nina haraka. Taa ya ABS inawaka na kuzimika, sensa nimeshanunua. Wewe funga tu, niende zangu Tengeru."

Nikamuuliza nani kasema ni sensa. Kumbe gari lilipimwa mahali pengine, mashine ikatoa namba ya hitilafu C0205, akaambiwa akanunue. Kwenye Toyota nyingi C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Namba inakuonyesha tairi. Haikuonyeshi kifaa. Kati ya tairi na kompyuta ya ABS, mfumo unaozuia tairi lisijifunge unapokanyaga breki, kuna pete ya meno, kuna sensa, kuna waya, soketi, halafu waya mwingine mrefu. Chochote kati ya hivyo kikiharibika, namba inaweza kuwa ileile.

Kwenye gari kama lile, sensa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Mbele yake inapita pete ya chuma yenye meno, imekaa kwenye jointi ya CV, ile ya mwisho wa shafti inayozungusha tairi. Kila jino likipita, linazalisha wimbi dogo la umeme. Kompyuta inahesabu mawimbi ya matairi yote 4 na kuyalinganisha. Umekanyaga breki, tairi moja likapunguza mwendo ghafla kuliko wenzake, kompyuta inaelewa linataka kujifunga, inalilegezea breki kidogo. Magari ya karibuni mengi yana sensa za aina nyingine, zinazopelekewa umeme kwanza, na hizo huzipimi ohm, yaani ukinzani wa umeme. Ukijaribu utapata namba ya kukupotosha.

Nikamuuliza mzee swali moja tu: "Ukikanyaga breki taratibu, pedali inatetemeka?"

"Tena sana! Nikikaribia kusimama kwenye tuta, mguu mzima unatikisika."

Hapo nikaanza kuitilia shaka ile boksi. Sensa ikifa kabisa, kompyuta inaizima ABS, taa inawaka, breki zinabaki za kawaida. Pedali kutetemeka gari likiwa karibu kusimama maana yake kompyuta bado inapata mawimbi, ila yanaidanganya.

Nikamwambia kupima ni elfu 20, na kwamba nikifunga sensa bila kupima halafu taa ikawaka, hasara itakuwa yake. Akakataa. Akasema sisi mafundi tunapenda kupimapima ili tule hela za watu. Akampigia mwanawe simu kwa sauti ya nje, gereji nzima ikasikia kwamba kuna fundi hataki kufunga kifaa alicholetewa. Sikumjibu vibaya, ni mzee wangu. Lakini sikushika spana. Ilipokaribia saa 4 akasema haya, pima.

Tukalitoa barabarani, kijana wangu wa kazi kakaa pembeni na mashine, anaangalia mwendo wa kila tairi. Kilomita 20 kwa saa, mistari mitatu imenyooka, mmoja wa mbele kushoto unadondoka na kupanda, kila mzunguko wa tairi mara moja. Tukiongeza mwendo mkatiko unajificha, tukipunguza unarudi. Sensa mbovu kwa kawaida haina mpangilio wa namna ile. Kitu kinachojirudia kila mzunguko kiko kwenye kitu kinachozunguka.

Hata hivyo hupimi kwa kukisia. Tukarudi, jeki, stendi, tairi chini. Nikachomoa soketi: safi, haina kutu ya kijani. Mita ikasoma kama ohm 1,400. Sensa nyingi za aina hiyo huwa kati ya 800 na 2,000. Nikautikisa waya, kijana akakata usukani kushoto na kulia, namba haikuyumba. Sensa nzima, waya mzima.

Nikachukua tochi nikalala kwenye boksi. Nikawa nazungusha habu kwa mkono, polepole, ukucha wa kidole gumba ukipita juu ya meno, jino, nafasi, jino, nafasi. Chini ya grisi na kutu ukucha ukazama. Pete ilikuwa imepasuka, na pale kwenye ufa nafasi kati ya jino na jino imekuwa pana kuliko kwingine kote. Nikafuta kwa tambara, ufa ukaonekana mwembamba, umekatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Mzee, hii jointi ya CV ilibadilishwa lini?"

"Mwezi uliopita. Kwani CV na ABS wapi na wapi?"

Jointi mpya ilikuja bila pete. Pete ya zamani ikagongwa ikatoka, ikagongwa tena ikaingia kwenye jointi mpya. Nyundo. Pete ile inatakiwa isukumwe kwa mashine ya kubana, iende sawa pande zote, na hapa huwa nakasirika kweli, kwa sababu gari limetoka likitembea vizuri na mwenye gari hana habari kwamba breki zake zitakuja kumlegea pale anapotaka kusimama.

Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Kijana akapanda bodaboda kwenda madukani kutafuta jointi iliyo na pete. Mvua ikaanza upya. Mzee kakaa kwenye benchi, kila dakika chache "bado tu?". Kijana akarudi ameloa, jointi mkononi. Nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza nikahesabu: 44. Ile iliyopasuka ina 48.

"Si inafanana hiyo! Funga!"

Nikamweleza kwamba gari likiwa kwenye 60, tairi lenye pete ya meno 44 litasomeka 55. Kompyuta itaona tairi moja linaburuta nyuma ya wenzake na itawahi kulilegezea breki bila sababu. Tatizo lingerudi kwa mlango wa nyuma. Akanung'unika, lakini nilimwona anahesabu meno mwenyewe kwa kidole.

Kijana akarudi mvuani. Wali maharage wangu ukapoa kwenye hotipoti. Alasiri ikapatikana jointi ya mtumba, meno 48, pete nzima. Mwenzangu wa mekanika akafungua shafti, akafunga, akaongeza oili ya gia kufidia iliyomwagika. Nikaweka sensa ileile ya zamani baada ya kuifuta vumbi la chuma la diski lililonata kwenye sumaku, nikafuta namba kwenye mashine, tukatoka tena. Mistari minne ikaenda pamoja, 10, 20, 40. Nikasimama mara nyingi, taratibu na kwa nguvu. Pedali imetulia. Taa haikurudi.

Mzee akalipa jointi, akalipa kufunga, hakusema neno. Ilipofika elfu 20 ya kupima akasema, "Hiyo niachie, hukubadilisha kitu hapo."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu asubuhi. Akatoa 15. Nikabaki nimesimama dirishani, kwa adabu, mpaka 5 iliyobaki ikatoka. Sensa yake nikamrudishia kwenye boksi lake ajaribu kuirudisha dukani.

Saa 12 na kitu jioni tukiwa tunakusanya spana ikaingia Land Cruiser ya watalii imeshuka kutoka Ngorongoro, taa ya ABS nayo inawaka. Dereva alitaka tuianze usiku huohuo. Mgongo ulikataa. Nimemwambia ailete saa 1 asubuhi, na asiioshe chini, nataka nione lile tope limekaa wapi kabla sijagusa waya wowote.