Nilivyopima ufa nisiouona: uzamivu wangu Masasi

Mwamba wa Masasi ni naisi, jiwe gumu lisilofyonza maji. Kule Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, chini kuna mawe ya mchanga yanayofyonza mvua. Huku kwetu maji hukaa kwenye nyufa tu, na kisima kikiukosa ufa kwa mita chache, umelipia vumbi.

Kazi yangu ya uzamivu (PhD) ilikuwa kutengeneza modeli ya kompyuta inayokokotoa mambo mawili kwa pamoja: maji yanavyopita ndani ya nyufa hizo, na mwamba unavyosogea maji yanapopungua. Nilipomweleza mzee mmoja wa kamati ya maji kijijini, akanyoosha mkono kuelekea mlima Mtandi. "Mwanangu, babu yangu alilikuta jiwe lile palepale."

Ana haki ya kucheka, lakini mwamba husogea. Uswisi, mwaka 1978, ukuta wa bwawa la Zeuzier ulipasuka baada ya handaki la uchunguzi, lililochimbwa zaidi ya kilomita moja kutoka pale, kukamua maji ya mwambani. Ardhi ilishuka zaidi ya sentimita 10.

Mzee nilimpigia hesabu kwa tani. Mita moja ya ujazo ya naisi ina uzito wa tani 2.7 hivi. Ufa uliolala mita 40 chini, basi, unabeba takriban tani 108 kwa kila mita ya mraba. Maji yaliyomo husaidia kubeba: usawa wake ukiwa mita 10 chini ya ardhi, yanashikilia tani 30. Pampu ikiyashusha mita 20 zaidi, yanabaki yakishikilia tani 10, na zile 20 zinahamia kwenye mwamba. Ufa unabanwa. Unabanwa kidogo sana, pengine chini ya unene wa unywele, ila maji yanayopita hufuata upana wa ufa kwa kipeo cha tatu. Upana ukibaki nusu, kinachopita ni sehemu moja ya nane.

"Kwa hiyo tukivuta kwa nguvu tunajifungia wenyewe?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Nikamjibu ndiyo, kilichobaki ni kujua kwa kiasi gani.

Kupima nyufa za juu hakukunisumbua. Unatandaza futikamba juu ya mwamba ulio wazi, unapita na dira, unaandika kila ufa umeelekea wapi na umeinama kiasi gani, huku akina mama walioanika makopa wakikuhimiza usiyakanyage. Tabu ni kwamba upana wa ufa wa juu haukuambii upana wa ule wa chini. Juu, jua na mvua vimeupanua, na mwamba umepunguziwa mzigo. Vifaa vya kuziba kisima kipande kwa kipande na kusukumia maji bajeti yangu haikuvifikia.

Kilichoniokoa ni pampu ya kijiji, kwa sababu inaendeshwa na sola. Inaanza jua likipanda, inazima jioni, kwa hiyo kila siku kisima kinajaribiwa bure. Nilining'iniza kipima presha ndani ya kisima, kikaandika usawa wa maji mchana na usiku. Kwa nadharia ya Theis, mtaalamu wa maji ya ardhini, ya mwaka 1935, ukiujua mshuko wa mchana unaweza kukokotoa jinsi maji yatakavyopanda usiku. Yetu yalikataa. Mwishoni mwa kiangazi ndiyo yalizidi kukataa, dalili kwamba ufa unabanwa, nami nilifurahi kuliko inavyostahili mtu anayeangalia kisima kikikauka.

Msogeo wa mwamba ulikuwa na hila yake. Niliazima kipima-mwinamo, nikakifunga kwenye jiwe jirani na kisima. Kila mchana kiliinama, kila usiku kikarudi. Lakini jiwe likipata jua linatanuka, na jua hilohilo ndilo linaloendesha pampu! Namba zilikuwa nzuri, ila huwezi kusema ni joto au ni maji. Nikaiomba kamati tuzime pampu siku chache za jua kali, tangi likiwa limejazwa kabla ili watu wasikose ndoo zao. Mwinamo wa siku hizo ulikuwa wa joto peke yake. Nikautoa kwenye ule wa siku za kawaida, na kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini kilifuata usawa wa maji.

Modeli yenyewe nilianza na ufa mmoja, ule ambao taarifa ya uchimbaji ilionyesha ndiko maji yalikoingilia, nikahakiki majibu kwa hesabu za mkono. Nyufa nyingine nilizijaza baadaye, kwa takwimu za futikamba. Kuna wanaoanza na maelfu ya nyufa na mchoro wa rangi za kupendeza. Sioni wanavyojua walipokosea.

Majibu yalipolingana na kisima na mwinamo kwa pamoja, nikairudisha kwa kamati ikiwa karatasi moja: Septemba hadi mvua zianze, kasi ya pampu ipunguzwe, iendeshwe saa nyingi zaidi. Walibishana sana kuhusu foleni ya asubuhi, kisha wakakubali kujaribu. Mzee aliomba nakala, akauliza kama hesabu hizo zinafaa pia kwa kisima cha shule. Hazifai. Kile kimekaa kwenye ufa mwingine, ulioinama tofauti, na inabidi kipimwe chenyewe.