Leza haikuwa imekufa: mashine ya CD ya mjomba

Mashine hii ilinifikia Lanet, Nakuru, mwezi wa Februari ikiwa imefungwa kwa shuka ndani ya gunia, baada ya kusafiri kutoka Kakamega kwenye buti ya gari la abiria. Marehemu mjomba wangu aliinunua mwaka 1985, miaka mitatu tu baada ya CD kuanza kuuzwa Japani mnamo Oktoba 1982, na kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa ndiyo sauti ya sebule yake kila Jumapili jioni. Alipofariki iliwekwa kabatini. Mke wake alinikabidhi kwa sharti moja, kwamba ikipona irudi nyumbani, na ikishindikana nimwambie ukweli badala ya kuibadilisha kimyakimya na nyingine inayofanana nayo.

Fundi mmoja alikuwa ameshaiangalia na kusema kwamba leza, yaani mwanga unaosoma diski, imekufa. Hukumu hiyo hutolewa kwa haraka mno kwa mashine za umri huu, na naomba nieleze kwa nini sikuikubali. Ilipowashwa ikiwa baridi, ilisoma diski bila shida na kucheza nyimbo mbili au tatu kwa usafi kabisa. Baada ya dakika kumi hivi ndipo ilipoanza kurukaruka, kisha diski ikasimama. Leza iliyochoka kwa kawaida huhangaika tangu mwanzo, hasa kwa diski zenye mikwaruzo, na haingojei mashine ipate joto ndipo igome. Kosa linalokuja pamoja na joto hunifanya nifikirie kwanza viungo vya risasi, yaani madini yanayoyeyushwa kushikilia vipuri kwenye bodi, kisha kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, na leza huwa ya mwisho kwenye orodha.

Kabla sijagusa chochote, niliunganisha umeme kupitia balbu ya zamani ya waya ya wati 40, iliyofungwa kwa mfuatano na mashine, ili kama kuna shoti ndani, balbu iwake kwa nguvu na transfoma ibaki salama. Balbu iling'aa kidogo, ikafifia. Hapo ndipo nilipofungua kifuniko. Anayejaribu kazi hii kwa mara ya kwanza ajue pia kwamba mwanga wa leza ya CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780 na karibu hauonekani kwa jicho, kwa hiyo asiinamishe uso juu ya lenzi kutazama kama inawaka, kwa kuwa anaweza kuumia bila kuona kitu. Mimi huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, maana umeme tuli wa kidole kimoja unatosha kuua leza nzima.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa dogo, lakini limeitesa mashine hii kwa miaka mingi. Waya wa transfoma ulikuwa kwenye kituo cha volti 220, wakati umeme wetu wa Kenya umepangwa kuwa volti 240. Tofauti hiyo ni takriban asilimia 9, nayo hupita moja kwa moja hadi upande wa pili wa transfoma na kugeuka joto kwenye vidhibiti vya volti. Nyumbani kwangu nimepima volti 228 saa moja jioni, watu wakiwa wanapika, na volti 247 usiku wa manane. Nilihamisha waya hadi kituo cha 240, ambacho watengenezaji walikuwa wamekiweka humo humo ndani, na baada ya saa moja kidhibiti kilichokuwa kikifika nyuzi joto 71 kilitulia kwenye 64. Sikutumia hata shilingi moja kwa marekebisho hayo, na ningemshauri kila mwenye mashine ya Ulaya ya miaka ya 1980 ayafanye kabla ya kununua kipuri chochote.

Kisha nikarudi kwenye kosa lenyewe. Nilicheza diski, nikachukua kijiti kikavu cha mwanzi na kubonyeza bodi taratibu, pembe kwa pembe, huku nikisikiliza. Nilipofika upande wa kushoto, karibu na mahali umeme unapoingilia kwenye saketi zinazoongoza lenzi, muziki ulikatika, nilipoachilia, ukarudi. Nilipuliza joto mahali hapo kwa kikausha nywele kwa nusu dakika na mashine ikagoma papo hapo, bila kungoja dakika zake kumi. Nilifurahi sana, kwa sababu kosa unaloweza kuliita lije na kulifukuza liende umekwisha kulijua nusu yake.

Bodi za wakati huo zina njia za shaba pande zote mbili, na katika mashine hii pande hizo hazikuunganishwa kwa matundu yaliyopakwa shaba ndani, kama ilivyo leo, bali kwa vibomba vidogo vya chuma vilivyopenyezwa kwenye tundu na kulehemiwa juu na chini. Bodi inapopata joto hutanuka kwa kipimo chake, kibomba nacho kwa kipimo chake, na baada ya kuwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa miaka mingi, risasi inayokizunguka hupata ufa wa mviringo mwembamba kuliko unywele. Kwa macho matupu kiungo kinaonekana kizima. Chini ya kioo cha kukuzia niliona pete nyeusi kuzunguka kibomba kimoja, halafu cha pili, na nilipofika cha tano nikaacha kuvichagua na kuamua kuvifanya vyote.

Vilikuwa 63. Watu wengi huongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani, na mashine hupona kwa miezi michache kisha hurudi ilikotoka, kwa sababu ufa uko ndani na risasi mpya imeufunika tu. Njia ninayoiamini ni kufyonza risasi yote ya zamani kwa utepe wa shaba, kupitisha waya mwembamba wa shaba katikati ya kibomba, kuukunja pande zote mbili ulale juu ya njia ya shaba, kisha kulehemu juu na chini kwa risasi mpya, ili umeme upite kwenye waya hata kibomba kikilegea tena. Chuma cha kulehemu kisikae mahali pamoja kupita sekunde tatu hivi, kwa maana gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi za zamani imechoka na njia ya shaba hubanduka kama ganda la kitunguu. Nilifanya kumi kila usiku, kwa karibu juma zima, na baada ya kila kumi nilipima kwa mita kama umeme unapita kabla ya kulala. Usiku wa saba niliiwasha, ikacheza saa tatu mfululizo na kikausha nywele kikiwa kinaichokoza.

Wengi wangeishia hapo, lakini sauti ilikuwa na mvumo mdogo chini yake, uliosikika vizuri zaidi katikati ya nyimbo. Kapasita za kuchuja umeme zina majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka, hasa pale kapasita inapokaa jirani na kidhibiti cha moto. Moja iliyoandikwa mikrofaradi 2200 ilinipa 610 kwenye mita. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na ukishapita kwenye diodi nne, zinazouelekeza upande mmoja, huwa na mabonde 100 kwa sekunde ambayo kapasita ndiyo inayopaswa kuyajaza. Ikiisha nguvu, bonde huzama hadi chini ya kiwango ambacho kidhibiti kinakihitaji ili kifanye kazi, na kilichozama hupenya hadi kwenye sauti. Kwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme kwenye skrini, niliona mawimbi ya milivolti 90 mahali palipostahili kuwa na mstari ulionyooka. Niliagiza kapasita mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, zenye ujazo uleule, volti sawa au zaidi kidogo, na za kustahimili nyuzi joto 105 badala ya 85. Inakadiriwa kwamba uhai wa kapasita ya aina hii huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopunguzwa, ndiyo maana ule waya niliouhamisha hadi kituo cha 240 unaendelea kunilipa. Baada ya kuzifunga, mawimbi yalishuka chini ya milivolti 2 na mvumo ukatoweka.

Lenzi niliisafisha kwa spiriti na pamba. Hapa kwetu vumbi si jambo la kupuuza. Inasemekana jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na kila Januari naamini maelezo hayo. Mpira wa kuvuta droo ulikuwa umelegea, nikaubadilisha. Ile skrubu ndogo ya kuongeza nguvu ya leza sikuigusa kabisa, na ningependa mafundi wenzangu nao waiogope, kwa sababu kuizungusha ili mashine isome diski ni kuificha hitilafu huku ukifupisha uhai wa kipuri ambacho hakitengenezwi tena.

Sasa mabadiliko. Hapa nilikuwa na hamu kubwa, kwani ndani ya mashine hii mna chipu mbili za TDA1540, zinazogeuza namba za diski kuwa sauti, moja kwa kila upande wa sauti, ambazo wapenzi wa muziki duniani kote bado wanazitafuta. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo, yaani sampuli, huandikwa kwa namba ya biti 16, lakini TDA1540 ya Philips ina biti 14 tu. Wahandisi waliziba pengo hilo kwa kuzidisha kasi ya sampuli mara nne, hadi 176,400 kwa sekunde, na kuisukuma kelele ya kukadiria namba hadi juu ya masafa yanayosikika, hata matokeo yakakaribia yale ya biti 16. Njia ya kuigawa mikondo ya umeme ndani ya chipu kwa usahihi mkubwa, kwa kuibadilisha nafasi mfululizo ili makosa yake yafutane, ilibuniwa na mhandisi Rudy van de Plassche, na kila ninapoifikiria nastaajabu kwamba ilifanyika zama hizo.

Nilibadilisha chipu ya kukuza sauti mwishoni mwa njia, nikafunga soketi ili niweze kujaribu tatu tofauti. Ya kwanza, ya kisasa na yenye kasi kubwa, ilipata moto na kutoa sauti kali ya kukwaruza. Oskiloskopu ilionyesha kwamba ilikuwa ikitetema yenyewe kwa masafa ya juu sana, hadi nilipoweka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme. Baada ya kutulia, nilisikiliza kwa majuma mawili diski za benga ambazo ninalijua kila gitaa lake. Ninasema kwa unyofu kwamba tofauti kati ya chipu hizo tatu ilikuwa ndogo kuliko tofauti iliyoletwa na kapasita moja iliyokauka. Niliondoa zile za kisasa na kuacha NE5532, ambayo ni tulivu, ya bei nafuu, na inapatikana hapa mjini.

Mambo mawili ambayo wengi huyafanya niliyakataa. La kwanza ni kuondoa saketi inayozima sauti mashine inapowashwa na kuzimwa, kwa hoja kwamba inachafua muziki. Mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, saketi hiyo ndiyo inayozuia mshindo usifike kwenye spika. La pili ni kuondoa saketi inayoshusha sauti za juu kwa diski zilizorekodiwa kwa kuzipandisha, ambazo zilikuwa za kawaida zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilipofungua droo kwa mara ya kwanza nilikuta diski ndani, ya piano, iliyotengenezwa Japani, ambayo mjomba alikuwa ameiacha humo. Nilipoicheza nikiwa nimeweka ncha ya kipimo kwenye mguu unaoamuru saketi hiyo, niliona volti zikibadilika: diski yake ni mojawapo ya hizo. Kama ningefuata ushauri wa kuiondoa, ile diski moja niliyoikuta mashineni ingetoa piano kali, nyembamba, isiyokuwa ile aliyoizoea.

Kilichobaki ni safari. Mkono unaobeba lenzi katika mashine hizi hupepea huku na huku kama mkono wa saa, na kwa ajili ya kusafirisha kuna skrubu tatu zinazoingizwa kutoka chini ya kasha ili kuukaza mtambo wote. Za mjomba zilipotea zamani, na nadhani ndiyo sababu springi moja ilifika kwangu ikiwa imepinda. Nimepata skrubu za unene unaofaa, nikazikata kwa urefu niliopima ndani ya matundu, nikaweka pete za mpira. Desemba nitaipeleka Kakamega mwenyewe kupitia Kapsabet, ikiwa mapajani, na skrubu hizo tatu nitaziacha ndani ya bahasha iliyobandikwa nyuma ya kasha, ikiwa na maelezo kwamba ziondolewe kabla ya kuwasha.