Ulizeni namba ya usajili
Tangu tumzike mama, mdogo wangu alikuwa hapati usingizi. Nikampeleka kwa “mshauri wa saikolojia” mmoja huku Ngamiani, Tanga, elfu thelathini taslimu. Ziara ya pili ndipo nikaisogelea ile fremu ya dhahabu ukutani: cheti cha kuhudhuria semina ya siku tatu! Nikamuuliza namba ya usajili, akaanza kupangapanga kalamu mezani. Na alishamwambia mdogo wangu aache dawa za hospitali.

Jamani, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuulizia leseni si utovu wa adabu. Mimi niliona haya siku ya kwanza, bado inaniuma.

Dawa karudia. Jana kalala mpaka adhana ya alfajiri.