Matumbawe Yetu Katika Baridi ya Houston

Mtu anayefuga matumbawe nyumbani huulizwa na wageni kuhusu joto la maji, kuhusu chumvi na kuhusu taa, lakini ni nadra kuulizwa kuhusu mwendo wa maji, ilhali mwendo huo ndio unaoingiza hewa ndani ya tangi, nao husimama papo hapo umeme unapokatika. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Nililishuhudia kwa macho yangu katikati ya Februari 2021, baridi kali ilipoielemea gridi ya umeme ya Texas nasi wakazi wa Houston tukabaki gizani.

Tangi letu la lita 300 lilikaa sebuleni, na ndani ya kabati lililo chini yake kulikuwa na tangi dogo la kuchujia, lenye hita, pampu ya kurudisha maji juu na chombo kinachotoa uchafu kwa njia ya povu. Humo niliishi na matumbawe ya matawi ya jamii ya Acropora niliyoyapata yakiwa vipande visivyozidi kidole gumba, anemoni moja, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiriri, pamoja na jozi ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe waliojificha ndani yake, na samaki mmoja wa njano aitwaye kangaja. Nasema niliishi nao kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 25 na nusu, madini ya kalisi karibu miligramu 420 kwa lita, na vipimo hivyo nilivifuatilia kama mzazi anavyofuatilia uzito wa mtoto kliniki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, niliyaona matumbawe ya kwetu yakipauka na kuwa meupe, na tangu hapo sijaweza kulitazama tumbawe likifa nikaona ni jambo dogo.

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15, muda mfupi baada ya saa saba. Kilichoniamsha ni ukimya, kwa maana nyumba yenye tangi la maji ya chumvi haikosi mvumo wa pampu hata usiku wa manane. Nilimulika kwa tochi nikamkuta kangaja yuko juu, mdomo karibu na uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufunga upesi kuliko kawaida. Samaki wa aina hiyo huogelea mchana kutwa na huhitaji hewa nyingi, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuonyesha dalili. Ikumbukwe pia kwamba lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yenye joto la nyuzi 25, huweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni, wakati maji ya bahari ya joto hilohilo hayafikishi hata 7, na usiku hakuna mwani unaoongeza chochote; bakteria wa kwenye mawe, samaki na matumbawe yenyewe wote wanavuta tu.

Nilikuwa na pampu mbili ndogo za hewa zinazotumia betri, zile ambazo wavuvi wa Texas huzitumia kuhifadhi chambo hai. Nilizitumbukiza mipira yake pande mbili za tangi, kisha nikachukua jagi nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yaanguke kwa kishindo. Kabla ya alfajiri kangaja alikuwa ameshuka tena kwenye mawe. Blanketi nilizifunga baadaye, kwenye vioo vya pembeni peke yake. Juu niliacha wazi, ijapokuwa joto lilitorokea hapo, kwa sababu hewa nayo huingilia hapohapo.

Asubuhi alinipigia simu mzee mmoja wa Mombasa anayeishi upande wa magharibi wa jiji, mfugaji mwenye tangi kubwa kuliko letu.

“Ndugu yangu, nimelifunika gubigubi, juu na chini,” aliniambia. “Halipotezi joto hata kidogo.”

Nilimsihi afunue juu. Aliniuliza kama angeweza kuliwasha gari ndani ya gereji ili apate umeme wa kuendesha pampu, nami nikamwambia, “Mzee wangu, hapana, litoe nje kabisa,” maana moshi wa gari ndani ya gereji huua watu bila harufu wala onyo, na katika juma lile uliwaua watu mjini humu.

Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne joto la nje lilishuka hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Sebuleni pumzi zetu zilionekana. Mke wangu alichemsha maji kwenye jiko la gesi, dirisha likiwa wazi kidogo, akayaacha yapoe kiasi kwa sababu yaliyochemka hukunjamanisha chupa za plastiki, kisha tukayatia kwenye chupa nne za lita mbili na kuziacha zielee juu ya maji ya tangi. Kila awamu iliongeza karibu nyuzi moja, na tulipumzika kati ya awamu kwa makusudi. Maji yaliyopoa kiasi hubeba oksijeni zaidi na viumbe ndani yake huhitaji kidogo. Nyuzi 20 niliweza kuzivumilia, na chakula sikuwapa kabisa. Kusini zaidi, kwenye kisiwa cha South Padre Island, maelfu ya kasa waliopigwa na ubaridi walikuwa wakiokotwa na kulazwa sakafuni kwenye ukumbi wa mikutano.

Jumatano jiji lilitangaza kwamba maji ya bomba yachemshwe kabla ya kunywewa, na kwetu yalikuwa yakitoka kwa matone. Mapipa ya maji yaliyosafishwa niliyoyaweka kwa ajili ya tangi ndiyo yaliyotupikia uji na chai, na mke wangu, ambaye kwa muda mrefu aliyaona yamejaza nafasi ya bure, aliyagawia na majirani.

Umeme uliporudi usiku huo sikuwasha pampu kuu mara moja. Maji ya tangi la chini yalikuwa yamelala bila mwendo, yakaanza kunuka yai bovu. Niliyamwaga yote, nikatia mapya yenye chumvi ileile, ndipo nikayaunganisha na ya juu na kupandisha joto polepole hadi siku iliyofuata. Acropora mmoja alibanduka nyama kuanzia shina, nikakata ncha zilizobaki hai na kuzibandika kwenye mawe. Samaki wote walipona.

Mzee wa Mombasa alipoteza kila kitu. Mwezi Aprili nilimpelekea vipande vya matumbawe vilivyokuwa vimeanza kutambaa upya, nikakuta tangi lake bado halina maji, ila pampu mbili za betri zimeshaning'inizwa ukingoni.