Nilivyopima kasi ya kuzaliwa kwa nyota kwenye galaksi ambazo Herschel haikuweza kuziona moja moja

Karibu kila niliyemuuliza alinipa jibu lilelile: galaksi za kawaida za miaka bilioni 10 iliyopita ni hafifu mno kwa Herschel, darubini ya anga za juu ya mwanga wa infraredi, ngoja darubini kubwa zaidi ije. Sikungoja. Picha za Herschel ziko wazi kwenye hifadhi ya data, hazilipiwi, na kilichonigharimu ni diski moja kubwa na usiku mwingi wa kukesha. Majibu ninayo, na najivunia.

Kwa nini infraredi, yaani mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho? Nyota changa huzaliwa ndani ya vumbi, na vumbi hilo hunyonya mwanga wao mkali, hupata joto la kelvini 30 hivi, kisha hutoa mwanga wa infraredi wenye kilele karibu na mikroni 100 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukitafuta nyota hizo kwa mwanga wa kawaida tu, sehemu kubwa inakupita. Kwa galaksi nilizozitaka, ulimwengu umetanuka mara tatu tangu mwanga ulipoondoka, na mawimbi ya mwanga huo yametanuka pamoja nao, kwa hiyo kilele kinatufikia karibu mikroni 300. Hapo ndipo kamera ya SPIRE ya Herschel ilipofanya kazi, kwenye mikroni 250, 350 na 500, kuanzia 2009 hadi heliamu ya kupozea ilipokwisha Aprili 2013.

Shida ni ukungu. Kioo cha Herschel kilikuwa cha mita 3.5, ambacho kwa mawimbi marefu hivyo ni kidogo. Kwenye mikroni 500 kila nukta ya mwanga hutandaa kuwa doa la sekunde 36 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), na ndani ya doa hilo moja darubini ya Hubble inaonyesha makumi ya galaksi. Kupiga picha kwa muda mrefu zaidi hakusaidii, maana kelele yenyewe ni galaksi zilizorundikana.

Sasa nije kwenye ushauri ulionikera. "Chukua picha za mikroni 24 za Spitzer," darubini nyingine ya infraredi, waliniambia, "zina ukungu mdogo, kisha zidisha kwa kielelezo cha galaksi za karibu zenye mng'aro kama huo," yaani uwiano wao kati ya mwanga wa mikroni 24 na infraredi yote. Wenye kuusema walikuwa na uhakika kabisa. Niliufuata, na namba zilizotoka zilizidi mara kadhaa zile za galaksi chache angavu ambazo Herschel imezipima moja kwa moja. Nikachora mchoro wa tofauti hiyo dhidi ya umbali, na sababu ikajitokeza: kwa umbali huo, mstari mnene wa molekuli za hidrokaboni ulio kwenye mikroni 7.7 unaangukia ndani ya kichujio cha mikroni 24 barabara. Galaksi za karibu zenye mng'aro mkubwa, kama Arp 220, ni galaksi zilizogongana, zinazozaa nyota katika eneo dogo lililosongamana, na kwao mstari huo ni dhaifu. Za kale nyingi hazikugongana. Zilikuwa na gesi tele na zilizaa nyota kwenye sahani nzima, mstari wao ni wenye nguvu. Kielelezo cha Arp 220 hakiwafai hata kidogo, na bado kuna watu wanakipendekeza.

Nilichofanya ni kurundika. Nilichukua orodha ya galaksi za kipande cha anga kiitwacho GOODS-South kutoka mradi wa CANDELS wa Hubble, yenye mahali na umbali wa kila moja, nikazigawa kwa umbali na uzito. Kisha kwenye ramani ya SPIRE nilikata kipande kidogo cha mraba kuzunguka kila galaksi ya kundi moja, nikavipanga vyote kimoja juu ya kingine na kutoa wastani pikseli kwa pikseli. Kelele za majirani hazina mpangilio, basi hupungua kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi: vipande 400, kelele chini mara 20.

Kabla ya kujiamini nilifanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote. Baada ya kusawazisha ramani wastani wake uwe sifuri, nilirundika idadi ileile ya vipande kutoka sehemu za kubahatisha. Picha ikatoka ya kijivu tupu, bila doa popote. Nikarudisha mahali pa galaksi zenyewe: katikati kabisa, doa la mviringo, upana wake kama pikseli tatu za sekunde 6, sawasawa na ukungu wa mikroni 250. Hakuna hata galaksi moja kati ya hizo iliyoonekana peke yake, lakini zikiwa pamoja mwanga wao ulikuwa pale. Usiache jaribio hili hata ukiwa na haraka.

Kwenye mikroni 500 doa lilitoka pana kupita ukungu. Galaksi hupenda kukaa karibu na wenzake, na majirani hao wanaongeza mwanga usio wa galaksi yako. Dawa ni kulinganisha doa na maumbo mawili kwa pamoja, moja la ukungu na jingine pana la majirani, halafu kuchukua la kwanza tu.

Mengine ni hesabu. Kwa kanuni ya mwanaastronomia Kennicutt ya 1998, mng'aro wa infraredi wa Jua bilioni 10 ni nyota mpya zenye uzito wa Jua 1.7 hivi kwa mwaka, ingawa ukidhani nyota ndogo ni chache zaidi inakaribia 1. Galaksi zangu nzito zilitoka na makumi ya Jua kwa mwaka, wakati Njia Nyeupe yetu leo inatengeneza kama moja au mbili.

Sasa nimeanza za mbali zaidi, ambako kilele kinasogea hadi mikroni 500 na SPIRE inaishia, kwa hiyo naongeza ramani za mikroni 850 za SCUBA-2, kamera ya darubini iliyoko mlima Maunakea, Hawaii.